Betri Isiyofika Kilo Tatu

"Hivi mama, hao wanao wanamkimbia nani?"

Aliniuliza hivyo jirani yetu mshonaji siku moja, cherehani imenyamaza na uzi uko mdomoni. Alikuwa ameliona gari letu likirudi kutoka mbioni, matairi meusi tii, na binti yangu kakumbatia kofia yake ngumu kama mtu aliyebeba tikiti maji. Nikamwambia hawamkimbii mtu, wanakimbizana na saa. Akasema, "Saa nayo imewakosea nini?" Tukacheka, akarudi kwenye suruali zake, nami nikarudi kwenye dirisha langu.

Dirisha langu la jikoni linatazama uwanja wa gereji. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari, na alijenga nyumba na gereji kwenye kiwanja kimoja kwa makusudi. Alitaka akiinua kichwa kutoka kwenye boneti anione, nami nikiinua kichwa kutoka kwenye sufuria nimwone. Mungu alimchukua, dirisha likabaki. Sasa ninaowaona ni wanawe wawili.

Mkubwa ni wa kiume na ndiye aliyerithi spana. Wenzake wanamwita Mizani, kwa sababu hakuna kitu asichokipima. Mizani yangu ya kupimia unga ilihamia gereji, nami nikiihitaji naikuta ina grisi. Gari letu alilipunguza kila kilichopunguzika: viti vya nyuma, zulia, redio, hata kisahani cha majivu. Na gari lenyewe ni hilo hilo moja. Siku za kazi linakwenda kazini na sokoni, siku ya ibada linanipeleka kusali, na mara moja moja Jumamosi linakwenda kushindana kwenye uwanja wa ndege wa zamani ulio nyuma ya mtaa wetu. Huko magari mawili yanasimama sambamba, taa ikigeuka kijani yanafyatuka moja kwa moja hadi mwisho wa alama. Hakuna kona wala mzunguko. Wa kwanza kufika ndiye mshindi.

Basi kuna siku nimevaa niende kusali, Mizani akautazama mkoba wangu. "Mama, humo mna nini? Naona mzito."

"Mna dhambi zako," nikamwambia. "Nazipeleka zikapunguzwe."

Wa pili ni binti, Sindano. Baba yake ndiye aliyemwita hivyo utotoni kwa wembamba wake, na jinsi mdomo wake ulivyochoma, jina likamkaa. Anafanya kazi duka la dawa. Kaka anatengeneza gari, dada anaendesha. Mimi kazi yangu ni kuwaombea, kupika na kutazama.

Mbio zilizopita Sindano alishindwa na gari moja la kijani. Alishindwa kwa pua tu, urefu wa kiganja. Tangu siku hiyo Mizani alibadilika. Anakula kimya, anaamka na kulizunguka gari kama mganga na mgonjwa wake. Mwishowe akaweka mkono juu ya betri na kusema, "Huyu ndiye aliyetuangusha."

Ilikuwa betri ya kawaida, ya risasi na tindikali, kama zile alizotumia baba yao maisha yake yote. Mizani aliipandisha kwenye mizani: kilo kumi na nane.

"Kilo kumi na nane zimekaa mbele pale zinapanda gari bure," akasema. "Ni sawa na kumbeba mtoto wa darasa la kwanza kwenye kila mbio."

Akamwita muuza spea, rafiki wa zamani wa marehemu, ambaye huniita shemeji. Akaja na betri mbili za kujaribu. Ya kwanza aliiita betri kavu. Ni ya risasi vile vile ila imezibwa, haimwagi maji, ndogo, kilo saba. Ya pili aliitoa kwenye mfuko wa karatasi kama mtu anayetoa kipande cha sabuni. Akaniwekea mkononi.

"Shika, shemeji. Haifiki kilo tatu. Lithiamu hiyo."

"Mbona kama haina kitu ndani?"

"Ina kitu, shemeji. Inawasha injini kwa hasira kuliko hilo gogo lenu. Lakini nisikilizeni," akamgeukia Mizani, "nguvu inayo, ila tumbo ni dogo. Haihifadhi sana. Na haiagi. Betri ya risasi ikichoka utaona taa zinafifia, feni inapunguza mwendo, unajua hapa mgonjwa anaondoka. Hii ndani ina kilinzi chake. Ikifika chini inajikata yenyewe. Pa! Kila kitu giza."

"Altaneta itaichaji," Mizani akasema.

"Barabarani ndiyo. Mbioni si mnautoa mkanda?"

Hapo ndipo penye desturi ya hawa watu wa mbio, na ni lazima niieleze. Siku ya mashindano wanautoa mkanda unaozungusha altaneta, ile mashine ndogo inayochaji betri, ili injini isipoteze nguvu kuzungusha kitu kingine. Kuanzia hapo gari halijichaji. Linaishi kwa betri tu, tangu linapoingia kwenye foleni hadi linapovuka alama. Na gari letu lina jambo moja zaidi. Mizani aliifungua injini akaibadilisha ndani ili ivute kwa nguvu, na toka siku hiyo injini haitoi tena mvuto wa kutosha wa kulainisha breki kama magari mengine. Akaifungia breki kipampu cha umeme. Ukikanyaga, unakisikia kinanguruma kama mashine ya kunyolea. Kipampu kikikosa umeme, breki inakubali mara moja tu, kisha inakuwa ngumu kama kukanyaga kizingiti.

Muuza spea akaziacha zote mbili. "Chagueni taratibu," akasema, akaondoka.

Kuchagua kwenyewe Mizani alishachagua. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, kesho yake ni mbio. Sindano alikwenda kazini kwa miguu. Mimi nilikaa dirishani nachambua mchele, na uwanjani Mizani akaifunga ile nyepesi. Akawasha. Injini ikashika hata kabla sijasikia stata. Akacheka peke yake. Akatoa mkanda, akawasha feni, akawasha taa, akaacha injini iungurume kama iko foleni. Akaketi ndani, mguu mmoja nje, anapiga mluzi.

Sikuangalia saa. Mchele ulikuwa umebaki kidogo kwenye ungo. Nilichosikia ni kimya. Feni, injini, taa, vyote viliondoka kwa pamoja, kama mtu aliyekatwa kauli katikati ya neno. Mluzi nao ukakatika. Mizani akaingiza mguu ndani. Nikamwona anakanyaga breki. Goti likashuka mara ya kwanza. Akakanyaga tena, goti likagoma. Akaegemea kiti akasukuma kwa mwili mzima, shingo ikamtoka mishipa, na goti likabaki pale pale.

Akakaa. Kisha akageuka polepole kutazama dirishani. Nikainamisha macho kwenye ungo, nikajitia hamnazo.

Aliiunga betri kwenye chaja, akairudisha mahali pake, akafuta alama za vidole kwenye boneti. Nikasema moyoni, atasema mwenyewe. Ni mtoto wa baba yake.

Jioni tulikaa mezani watatu. Sindano alikuwa na njaa, anakula na kuuliza kwa wakati mmoja.

"Kaka, umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

"Na kila kitu kimewashwa? Feni? Maana mimi feni siizimi, unajua. Ile injini yako ina homa."

"Kila kitu."

"Ikawaje?"

"Safi."

Alisema neno hilo akiwa anachota chakula. Mimi nikausukuma wali wangu pembeni mwa sahani.

"Mama, mbona huli?" Sindano akauliza.

"Nimeshiba kwa macho," nikamjibu. Nikamtazama mwanangu. Akatazama sahani.

Sindano alipoingia kuoga, nilimfuata Mizani gereji. Alikuwa anapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mwanangu, nilikuwa dirishani."

Hakugeuka. "Haikuwa imejaa vizuri, mama. Sasa imejaa."

"Basi mwambie hivyo hivyo. Ilikatika, haikuwa imejaa, sasa imejaa."

"Nikimwambia ataikataa."

"Ni haki yake."

"Mama, sikiliza." Akaja karibu, akashusha sauti. "Hadi uwanjani na kwenye foleni tutalisukuma kwa mikono, injini imezimwa. Akiwasha ni pale mwisho wa foleni tu. Mbio zenyewe ni pumzi mbili. Betri haiwezi kuisha hapo. Nimepiga hesabu."

"Na wakiwaweka pale mbele muda mrefu? Mara ile si walimwaga mafuta njiani, mkasubiri injini zinawaka?"

"Haitokei kila siku."

"Na feni haizimi, kasema mwenyewe. Asiyejua atazima kwa sababu gani? Na ile lami ikishaisha mbele kuna nini, mwanangu?"

Alijua. Mbele kuna ukuta wa mawe wa uwanja wa zamani. Mimi mwenyewe nimeuona.

"Dereva akiwa na woga anashindwa kabla hajaondoka," akasema. "Usiniharibie, mama. Nakuomba. Yule wa kijani ananicheka kila nikipita."

Nikamwambia, "Nakupa hadi asubuhi wakati wa kukabidhi. Uliseme wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Nikilisema mimi, dada yako hatakuamini tena hata ukimfungia taa ya baiskeli."

Kukabidhi ni utaratibu wa marehemu. Hakuna gari lililotoka hapa bila kukabidhiwa. Boneti iko wazi, mwenye gari anasimama, fundi anataja kila alichokigusa, kizuri na kibaya. "Hapa nimebadilisha. Hapa pamenishinda. Hapa pa kuangalia." Akimaliza, ndipo boneti inafungwa. Na siku za mbio, boneti ikishafungwa, tunaweka mikono juu yake mimi na wanangu, nasali, gari linatoka.

Usiku ule nililala na funguo za gari chini ya mto. Nilimwomba Mungu asinipe la kusema, ampe mwanangu.

Asubuhi jua lilikuwa kali mapema. Sindano alitoka amevaa ovaroli yake, kofia mkononi, anatania. "Leo yule wa kijani nitamwonyesha taa za nyuma, azikariri." Nikamkabidhi Mizani funguo. Akafungua boneti. Tukasimama.

"Oili mpya," akaanza. "Plagi mpya zote. Matairi ya nyuma nimepunguza upepo kidogo yashike lami. Mpira wa maji nimeukaza, ulikuwa unalia. Mkanda wa altaneta nimeutoa, tutautia tukimaliza." Akaigusa betri kwa ncha ya kidole. "Betri mpya, nyepesi. Imejaa."

Nikangoja. Cherehani ya jirani ilikuwa inalia upande wa pili wa ukuta. Mizani akainua mkono, akaishika boneti, akaanza kuishusha.

Nikaweka mkono wangu pale kwenye ukingo, pale boneti inapofungia.

"Mama!" Aliizuia ikiwa imebaki upana wa dole gumba. "Mama, toa mkono."

"Hujamaliza kukabidhi."

"Nimemaliza."

"Basi funga."

Boneti ikabaki inaning'inia juu ya vidole vyangu. Sindano alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Utani ulimtoka usoni.

"Kuna nini nyie?"

Akamkazia macho kaka yake.

"Kaka. Kuna nini?"

Mizani akaisukuma boneti juu kwa nguvu. "Ilikatika! Haya. Jana ilikatika. Mara moja tu!"

Sindano hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliweka kofia juu ya meza ya kazi, akamkaribia kaka yake, na akauliza kwa sauti ile anayomuulizia mgonjwa dirishani pale duka la dawa.

"Injini ilikuwa inawaka?"

"Ndiyo."

"Feni pia?"

"Ndiyo."

"Ilififia kwanza, au ilikatika tu?"

"Ilikatika."

"Ukakanyaga breki?"

Mizani akageuza uso.

"Kaka, nauliza. Ulikanyaga breki?"

"Nilikanyaga."

"Ikawaje?"

Alifuta mikono kwenye kitambaa, mikono isiyo na kitu. "Ya kwanza ilikubali."

"Na ya pili?"

"Ngumu."

"Ngumu vipi?"

"Ngumu, Sindano! Haikushuka. Umefurahi?"

Sindano akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesoma. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Nilikuwa dirishani. Nilitaka aliseme yeye."

"Nikalala nikijua kila kitu safi."

"Funguo nilikuwa nazo mimi, mwanangu. Gari lisingetoka."

Nilitamani aniseme, anichome kama kawaida yake. Macho yake yalinipita yakaenda kwenye meza ya kazi, kwenye ile betri kavu ya kilo saba, na ile kubwa ya zamani chini yake sakafuni.

"Mdogo wangu, nisikilize," Mizani akaanza, maneno yanagongana. "Sasa imejaa kabisa, nimeipima asubuhi hii. Foleni tunasukuma. Feni uwashe pale mwisho tu. Tukiweka ile ya kilo saba tumerudi pale pale, atatupiga kwa pua tena."

"Acha anipige kwa pua. Mimi yangu nataka nirudi nayo usoni."

"Unaona? Ndiyo maana sikukuambia! Woga huo! Ningekuwa mimi ndani ya hilo gari ningeshakuwa njiani saa hizi."

Neno hilo likaanguka pale katikati yetu. Hata cherehani ya jirani niliisikia ikinyamaza.

"Haya," Sindano akasema. Aliokota funguo ambazo kaka yake alikuwa ameziweka juu ya bodi ya gari, akakishika kiganja cha kaka yake, akaziweka ndani, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja. "Endesha wewe. Jina la dereva linabadilishwa pale pale getini, unajua, hawana shida. Leseni unayo. Mimi nitakaa na mama pembeni, nitakupigia makofi."

"Usinifanyie mchezo."

"Sifanyi mchezo. Fundi wewe, dereva wewe. Betri iko ndani, umeipima mwenyewe. Funga boneti twende."

Mizani alizitazama funguo. Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Unadhani nitaogopa?"

"Sidhani kitu. Funga boneti."

"Nafunga."

"Funga basi."

Akaweka funguo mfukoni. Akaishika boneti. Nilikuwa nimeshautoa mkono wangu, na nilikuwa nasali bila kufumba macho, maneno yote yamenikimbia limebaki moja tu, Mungu, Mungu, Mungu. Alisimama hivyo, mikono juu, anatazama ndani ya injini. Jasho lilimtiririka toka kwenye nywele likapita sikioni, hakulifuta. Nilimwona anatazama kile kipampu cha breki. Kisha betri. Kisha kipampu tena. Na goti lake la kulia, mimi mama yake naliapia, lilisogea kidogo, kama linakanyaga kitu.

Aliiacha boneti ikakaa juu ya kishikio chake.

"Hiki kichwa cha waya kimelegea," akasema. Hakuwa anamwambia mtu. Akachukua spana namba kumi. Nikadhani anakaza. Nilitaka iwe anakaza. Lakini mkono ulikuwa unazunguka upande wa kufungua. Akafungua wa kwanza, akafungua wa pili, akaifungua kamba, akaitoa ile betri nyepesi kwa mkono mmoja, akaiweka mezani bila kuitazama. Akaichukua ile ya kilo saba kwa mikono miwili, akaikalisha mahali pake, akaitikisa kuona kama imetulia. Akafunga waya. Akaujaribu kwa kidole. Akakaza tena.

Halafu akainama chini ya meza, akautoa mkanda wa altaneta, ule wanaotoa siku ya mbio, akaanza kuurudishia.

Alifanya yote hayo vizuri, kwa utulivu, kama baba yake. Muda wote huo nadhani hakujua anafanya nini, maana mikono ya fundi ina akili yake. Alijua alipofika kwenye boliti ya mwisho. Nilimwona anajua. Spana ilisimama, mgongo ukakakamaa, na akabaki ameinama pale juu ya injini, hana ujasiri wa kunyanyuka.

"Sindano," akasema, uso bado uko ndani ya boneti.

Sindano alikuwa amesimama pale pale alipokuwa. Alikuwa ameiona kila boliti. Aliitazama betri nyepesi juu ya meza, ile iliyokuwa imefungwa kwa ajili yake, kisha akaitazama ile nyingine ndani ya gari, ile ambayo kaka yake amejifungia mwenyewe.

"Sindano, mdogo wangu, ngoja..."

Nilinyoosha mkono nimshike. Akanipisha kwa upole, akafungua ovaroli hadi kiunoni akaifunga mikono ya ovaroli tumboni, akalizunguka gari kwa mbali kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua, akafungua mlango mdogo wa geti, na akatoka, kofia yake akaiacha juu ya meza ya kazi.